Konokono Asiye na Kwao

Tangu nirudi, kila anayenikuta dukani kwa Bi Salma ananiuliza swali lile lile: kweli nilitoka Mombasa mpaka Nyamira kwenda kuokota konokono? Kweli. Nimechoka kusimulia kwa vipande, nusu kibarazani, nusu msibani, mwisho kila mtu ana kisa chake. Nimeona niandike yote mara moja, msome wenyewe, mniache ninywe chai yangu. Hiyo chai nayo ina habari zake, mtazikuta huko mbele.

Mombasa hadi Narok

Wengi wenu mnajua ninafanya kazi maabara, mkadhani ni ile ya kupima malaria. Sisi tunashughulika na konokono wa maji baridi. Yuko mmoja, mdogo kuliko punje ya haragwe, ganda lake jembamba la rangi ya kahawia iliyopauka, anayekaa kwenye matope ya kingo za maji. Ndani yake hulelewa mnyoo bapa unaoharibu maini ya ng'ombe. Kinyesi cha ng'ombe mgonjwa kikifika majini, mayai ya mnyoo huanguliwa, wale wadogo huingia ndani ya konokono, hukua humo, kisha hutoka na kujishika kwenye nyasi. Ng'ombe mwingine akija kula nyasi hizo, imekwisha. Bila konokono mnyoo hana pa kukulia.

Asili ya konokono huyu ni Amerika ya Kaskazini. Leo yuko Afrika, yuko Australia, yuko visiwa vya Pasifiki, na hakuna aliyempelekea mwaliko. Amebebwa na watu wanaopenda maua ya majini na samaki wa kufugwa kwenye vioo, mwenyewe kajibandika kwenye jani moja hasemi kitu. Tena hana taabu ya kutafuta mchumba, anaweza kuzaa peke yake. Akifika mmoja, ukoo umefika. Kazi yetu ni kuwakusanya kutoka sehemu mbalimbali na kusoma vinasaba vyao, ile DNA mnayoisikia kwenye kesi za watoto, tuone walifuata njia gani.

Basi nikapewa sanduku la chupa ndogo, galoni la spiriti ya kuhifadhia, na gari la pikapu pamoja na dereva wake, Kazungu. Kazungu ni Mgiriama wa Kaloleni, mtu mzima, mcheshi, lakini akishapita Voi haamini chakula cha mtu yeyote. Alibeba mahamri ya kutosha harusi. Nilimcheka mpaka Nairobi, tulikolala. Kuanzia Narok niliacha kumcheka nikaanza kumwomba.

Mbele ya Narok tulikuta lori la kabichi limelala kiubavu katikati ya barabara, na ukungu umeshuka hata huoni kabichi zinakoishia. Magari yalipangana huku na huku. Watu walishuka, wakasaidia kuokota, wengine wakasaidia kupungua kwa zile kabichi. Mama mmoja mchoma mahindi alihamishia jiko lake karibu yetu kwa sababu Kazungu alikuwa mteja mzuri, mahamri yakiwa yameisha. Akachungulia nyuma ya gari, akaona chupa, akanusa spiriti.

"Kumbe nyinyi ni watu wa chang'aa," akasema bila chuki yoyote. "Na vile mama umejifunika vizuri."

Nikamweleza habari za konokono. Alisikiliza mpaka mwisho, akanigeuzia hindi langu upande wa pili, akasema ningekuwa tu mkweli, yeye si polisi. Mpaka lori linainuliwa na njia kufunguliwa, alikuwa bado ananihurumia.

Kisii mjini

Tulilala Bomet bila kupanga na kuingia Kisii siku ya Ijumaa, saa za mchana, mvua inanyunyiza. Mji umekaa mabondeni na vilimani, huwezi kutembea bila kupanda au kushuka, na kila kona kuna mikungu ya ndizi imelazwa chini na wenyewe wamesimama juu yake wakipatana kwa sauti. Nilidhani wanagombana. Kazungu aliniambia niache uoga, ndivyo biashara inavyoendeshwa, na kweli mara walicheka.

Hapo ndipo alipotupokea mwenyeji wetu, Ogeto. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mkulima wa majani chai na mfugaji wa samaki, mpole, wa kuzungumza akiangalia vidole vyake. Yeye ndiye aliyewasiliana na ofisi yetu akiomba mtu aje kupima konokono wa kwao. Tuliingia hotelini kwanza, nikanywa chai vikombe viwili na mandazi. Ogeto aliagiza maziwa matupu. Sikulitilia maanani, na hapo ningelipaswa kunywa cha tatu.

Kebirigo hadi Ikonge

Tukashika njia ya Nyamira. Tulipopita soko la Kebirigo barabara ilikuwa nzuri, tulipoiacha lami ikawa hadithi nyingine. Udongo wa huko ni mwekundu, mzito, ukilowa unakamata tairi haliachii. Tulikwama mahali ambapo pande zote mbili ni majani chai, kijani mpaka macho yanachoka. Wachumaji waliweka vikapu vyao chini wakaja kusukuma bila kuitwa, wakatuloweka matope kwa vicheko, wakarudi kazini.

Ilikuwa wakati tunasubiri Kazungu apoe hasira ndipo Ogeto aliponieleza kwa nini ametuita.

Alikuwa amechimba bwawa la samaki bondeni, kwenye kipande alichogawiwa na baba yake. Alileta vifaranga vya samaki na mimea ya majini kutoka mbali. Bwawa likashika vizuri. Kisha ng'ombe wa mama yake akaanza kukonda, akavimba chini ya taya, akafa. Walipompasua, ini lilikuwa gumu lina minyoo, na daktari wa mifugo akawaeleza habari za konokono. Mzee Ombati, baba yake, akateremka bondeni, akakuta konokono kwenye bwawa, akapanda na uamuzi: Ogeto ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani. Sasa mtamba aliyebaki naye alikuwa ameanza kuvimba.

"Jumatatu watu wa risaga wanakuja kufukia hiyo bwawa," akasema. Risaga ni utaratibu wao wa majirani kukusanyika kufanya kazi ya mmoja wao, kesho ya mwingine. "Mzee ameshaita kila mtu. Na wakifukia, mimi nachukua Kerubo na watoto naenda. Siwezi kaa mahali naitwa ule aliua ng'ombe ya mama yake."

"Umeongea na mzee?"

"Haongei na mimi. Akitaka kuniambia kitu anaambia mama, na mimi nimesimama hapo hapo."

Kerubo ni mkewe. Nilimwonea huruma Ogeto, nisiwafiche, na nikaona uzito umehamia kwangu. Niliondoka Mombasa kwenda kuchukua sampuli, sasa nilikuwa nasubiriwa kama hakimu.

Tulifika kwao, mbele kidogo ya soko la Ikonge, jua likielekea kuzama. Boma lao lina nyumba mbili zilizotenganishwa na migomba: ya Mzee Ombati, ya matofali, na ya Ogeto, ya fito na udongo, safi, imepakwa rangi nyeupe na kahawia. Mama yake, Mama Bosibori, alinikumbatia kana kwamba ni mimi niliyepotea zamani. Nikasikia Ogeto anamwita "baba". Nikamtazama Kazungu. Baadaye nilijifunza kwamba kwa Kigusii mama ndiye baba, na baba ni "tata", na sikushangaa tena kitu chochote nyumba ile.

Sabato

Nilitaka kushuka bondeni dakika ile ile. Mzee Ombati, mrefu, mkavu, kofia mkononi, akanyoosha kidole kwenye jua.

"Sabato inaingia, madam. Hakuna kazi mpaka kesho jioni. Karibu kwa nyumba."

Jamani, nilikuwa nimekaa barabarani siku zote hizo, mwili mzima unauma, na faraja yangu ilikuwa moja tu. Tumezungukwa na majani chai. Ukinyoosha mkono dirishani unachuma. Nikakaa kitini nikiisubiri chai kwa moyo safi. Likaja birika kubwa, nikajaziwa kikombe mpaka juu. Ni maziwa. Nikanywa, nikasema pengine chai inafuata. Ukaja uji wa wimbi.

"Mama, chai huwa mnakunywa saa ngapi?" nikauliza kwa adabu zote.

Mama Bosibori akacheka mpaka akashika kifua. "Chai sisi tunauza tu. Kwa mwili si nzuri. Kanisa letu hatunywi."

Kazungu akaficha uso kwenye kikombe chake cha maziwa. Tangu mchana alikuwa ameshajua, mnafiki yule, Ogeto alikuwa amemwambia.

Lakini chakula sitawadanganya, tulikula. Nilikuwa na wasiwasi wa nguruwe, wakaniambia wao pia hawali, basi tukapatana hapo hapo. Walitupa ugali wa wimbi, mweusi, mzito, na mboga waiitayo chinsaga, chungu kidogo, iliyopikwa na kulazwa kwenye maziwa. Tonge la kwanza nilikunja uso. La tatu nilikuwa nafuta sahani. Kazungu aliyakana mahamri yake mbele ya kila mtu.

Kazungu alipelekwa kulala kwenye nyumba ndogo ya vijana, mimi nikapewa chumba kwa Ogeto na Kerubo. Jumamosi walikwenda kanisani wote, mzee mbele, Ogeto nyuma kabisa, mama katikati yao akigeuka huku na huku. Mimi nilibaki nikimtazama mtamba. Alikuwa amesimama chini ya mgomba, manyoya yamesimama, uvimbe unaning'inia chini ya taya. Niliwaambia waliporudi kwamba dawa yake ipo, wasichelewe kumwita daktari wa mifugo, na Ogeto akampigia simu jioni ile jua lilipozama. Jumapili asubuhi dawa ilikuwa imetolewa. Hilo peke yake lilinituliza moyo.

Bondeni

Jumapili tulishuka wote. Bonde lao lina kijito, kando yake kinamasi cha nyasi fupi zenye kupendwa na ng'ombe, na chini zaidi bwawa la Ogeto. Nilikunja suruali chini ya buibui, nikaingia. Konokono wapo bwawani, ni kweli. Wapo kinamasini pia, wengi kuliko bwawani. Na wapo juu kabisa kwenye chemchemi ya kuchotea maji, ambako maji ya bwawa hayawezi kupanda.

Nilidhani habari ya chemchemi ingemtosha mzee. Nilimwonyesha.

"Wamepanda," akasema.

"Mzee, hawa hawapandi mlima."

"Watoto wanachota maji bwawani na ndoo, wanakuja kuchota hapa. Ndoo imewaleta." Na hapo alinifunga mdomo, kwa sababu inawezekana kabisa. Huyu konokono amevuka bahari kwa jani, atashindwa ndoo?

Nikajaza chupa zangu, nikaandika juu yake zilikotoka. Mzee Ombati alikaa kwenye jiwe akinitazama kwa heshima kubwa, ndiyo iliyoniumiza baadaye. Nilipomaliza akavua kofia.

"Sasa madam. Pima hiyo DNA utuambie."

"Nikuambie nini, mzee?"

"Konokono ni ya nani." Alisema taratibu, kama mtu anayemsaidia mgeni. "Kwa redio tunasikia. Mwanaume anakataa mtoto, DNA inapimwa, inasema mtoto ni ya fulani. Hata hii itasema. Ni ya bonde yangu, ama ni ile ilikuja na samaki."

Ogeto alisimama upande wa pili wa kijito. Naye alikuwa ananitazama mimi. Nikatambua kwamba baba na mtoto wameweka matumaini yao kwenye jambo moja, na kila mmoja ana hakika litamsemea yeye.

Nikakaa chini kwenye nyasi. Nikawaambia ukweli. Kwanza, mashine iko Mombasa, majibu huchukua muda. Pili, hata yakija, sitegemei yaseme kitu. Wanyama wengine ukisoma vinasaba vyao unaona huyu wa huku, huyu wa kule, wamechanganyika mara nyingi, kila kundi na alama zake. Lakini konokono huyu anazaa peke yake, na walioenea ulimwenguni wanaelekea kutoka kwenye ukoo mmoja mwembamba sana. Tukimchukua mmoja wa chemchemi hii tukamweka na mmoja wa Australia, huenda nisiweze kuwatenganisha. Vinasaba vyake ni vile vile popote.

"Kwao ni wapi basi?" mzee akauliza.

"Kwa kumtazama huwezi kujua. Hana kwao."

Mzee akarudisha kofia kichwani. Akamgeukia Mama Bosibori, na Ogeto yuko pale pale. "Mwambie huyo mtu kesho risaga iko." Kisha akanigeukia mimi, bila ukali. "Na wewe mama, umetoka Mombasa kuja kufanya nini?"

Nilipanda mlima nimeinamisha kichwa, na nawaambia kweli, niliona haya.

Nyumbani kwa Ogeto

Mchana mvua ilipiga. Kazungu alikimbilia Ikonge sokoni kutafuta chai, akaahidi kuniletea kwenye chupa. Mimi nikajilaza. Kerubo alikuwa jikoni anafungasha. Nilisikia sahani zinawekwa kwenye gunia, moja moja, polepole, kama mtu anayetumaini kuambiwa aache.

Nikageukia ukuta. Kwa ndani, nyuma ya kitanda, lipu ilikuwa imebanduka, ule udongo wa kwanza wa kukandika ukawa wazi. Nikawa nautazama tu, kwa kukosa cha kutazama. Mna vijiwe, mna vipande vya nyasi. Mna kijiganda.

Nilikaa kitako. Nikachukua kioo changu cha kukuzia. Kijiganda chembamba, ncha ikiwa juu mdomo wake unafunguka kulia, na juu yake mistari midogo inayokatizana. Kando yake kingine. Chini kingine.

"Kerubo!" nikaita. "Nyumba hii mlijenga lini?"

Akaja anakausha mikono. "Kabla nikuje. Ogeto alijengewa na watu wa risaga, ndio nikaolewa."

"Na bwawa?"

Aliniangalia, akaangalia ukuta. "Bwawa amechimba mtoto wa pili akiwa anatembea," akasema. Akapiga magoti kitandani, akaweka kidole kwenye ganda, akaanza kulia na kucheka pamoja.

Nilipiga picha kwa simu nikakimbia nayo kwenye mvua mpaka kwa mzee. Akaitazama.

"Hii ni ukuta. Ukuta gani? Hata Mombasa kuna ukuta."

"Basi twende ukaone mwenyewe!" Nilimtoa nyumbani kwake, tukapita migomba, tukafika uani kwa Ogeto, na hatua chache kutoka mlangoni mzee akasimama. Nikamwambia aingie. Hakuingia. Nikamwambia ni kitu cha dakika moja. Akatazama pembeni. Ogeto akatazama chini, Kerubo akajirudisha ndani na kujificha nyuma ya mlango. Mimi nikapandwa na hasira. Nilimwambia mzee mzima, na wajukuu wake wanasikia, kwamba kama anaogopa ukweli aseme. Nikamshika mkono wa koti nikavuta.

Mama Bosibori akaja akanifungua vidole, kimoja kimoja, kwa upole.

"Mwanangu, hapo haingii. Baba haingii kwa nyumba ya kijana yake akishaoa. Tangu Kerubo akuje, hajakanyaga. Hata nyumba ikiwaka moto ataitia maji kutoka nje."

Nilitamani ardhi inimeze. Kazungu, aliyerudi na chupa yangu ya chai, alitikisa kichwa akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Pwani nzima mambo ya wakwe tunayajua, mimi nilidhani Nyamira hawana heshima zao? Ushahidi wa kumtakasa Ogeto ulikuwa umekandikwa ndani ya nyumba moja tu duniani ambayo baba yake hawezi kuingia.

Tukasimama hivyo uani, maji yanatutiririka. Ndani tukasikia kishindo. Kisha kingine. Ogeto akaingia mbio, akatoka nyuma ya mkewe. Kerubo alikuwa amebeba ungo, na juu ya ungo bonge la ukuta wake, kubwa kama mkate, lina alama za panga pande zote. Alikuwa amekata kwa nguvu hata udongo wa nje nao ukaanguka, nyumba ikabaki na tundu. Aliweka ungo chini mbali kidogo na mzee, macho chini, akarudi nyuma hatua zake.

"Tata," akasema, "hii tope ndio mlikanyaga na watu wa risaga, mkijenga. Bwawa haikuwa."

Mzee Ombati akachutama. Akalivunja bonge kwa vidole, na maganda yakamdondokea kiganjani. Nilimwekea kando yake konokono wa asubuhi, kutoka kwenye chupa. Akawageuza, ncha juu, mdomo kulia. Akawageuza tena.

"Tope hii nilichimba mimi," akasema mwishowe, kwa mkewe, au kwa ungo, sijui. "Pale kwa kinamasi. Hiyo siku nilibeba na karai mpaka shingo ikauma. Nilitaka nyumba yake iwe ya nguvu."

Akayafunga maganda kwenye leso, akaondoka kwenda kwake. Hakuna aliyejua amekata shauri gani. Kerubo hakuendelea kufungasha, lakini lile gunia hakulifungua pia.

Kurudi

Majibu ya maabara yametoka juzi, na niyaseme hapa yasije yakapotea. Konokono wa bwawani, wa kinamasini na wa chemchemi hawana tofauti hata moja tuliyoiona, na wanafanana na wale tulio nao kutoka nchi nyingine. Hatutajua kamwe nani alimleta Ikonge, wala lini. Ule ukuta ulituambia jambo moja tu, kwamba alikuwepo kabla ya samaki wa Ogeto, na hakuna mashine yetu ambayo ingeweza kulisema. Mtamba anakula, Mama Bosibori amenipigia simu kunisikilizisha anavyolia.

Jumatatu ile watu wa risaga walikuja mapema na majembe yao. Mimi na Kazungu tulikuwa tunafunga mizigo, tayari na mkungu wa ndizi niliowaletea, mnaoulalamikia kwamba mlipata kichane kimoja kimoja. Mzee Ombati alisimama mbele yao akasema maneno machache kwa Kigusii. Watu wakatazamana. Mama Bosibori akanitafsiria, machozi yanamtoka wazi: bwawa liachwe. Watakata miti wazungushie kinamasi ua, ng'ombe zisikanyage tena, na maji yao yapandishwe juu kwenye hori. Wakateremka wote kwa kelele, na mama pamoja nao, kwa sababu hawezi kukosa jambo.

Mzee hakuteremka. Nilimwona amechota udongo mwekundu wa juu, kwenye shamba la chai, ameumwagia maji, anaukanyaga kwa miguu, suruali imekunjwa. Alipomaliza aliubeba kwa karai mpaka nyuma ya nyumba ya Ogeto, penye lile tundu, akachutama kwa nje. Ndani tulisikia mtu anasogeza kitanda. Mzee akajaza fito za upande wake. Kisha akachota konzi nyingine, akaipitisha tunduni, mkono wote mpaka kwenye kiwiko, ukangoja huko ndani.

Kazungu alikuwa amewasha gari. Nilimwambia azime.

Mkono ukarudi mtupu. Mzee akapitisha konzi ya pili, ukarudi mtupu tena. Mama hakuwepo wa kuambiwa "mwambie". Hapakuwa na mtu yeyote kati yao ila tundu lile, na lilikuwa linazidi kuwa dogo.

"Tata," sauti ya Ogeto ikasema kutoka ndani, "ongeza."

Mzee akainama, akachota.